Tatu Zinazorudi

Karatasi ni kopi ya kopi,
imetolewa steshenari karibu na stendi ya Moshi,
miduara yake imefifia upande wa kushoto
kama iliyofuliwa kwa sabuni ya mche.
Shilingi mia moja. Nilinunua kumi,
nikijua nitaharibu tisa.

Karakana ya Mwalimu Kaanaeli iko Majengo,
nyuma ya mashine ya kusaga,
kwa hiyo mawimbi tunayasoma kwa kupiga kelele,
na vumbi la dona hutua juu ya vipimo,
juu ya nyusi za Mbazi, juu ya hamsini,
namba anayoitaja mwalimu
kama watu wengine wanavyotaja kwao.

"Mtambo ni hamsini. Kebo ni hamsini.
Antena ya kule Uru, je?"
Mbazi akasoma: omu ishirini na tano,
na hasi arobaini ya kufikirika.
"Ya kufikirika, lakini inaunguza.
Kati ya wati kumi tunazozipandisha mlimani
tatu zinashuka tena bila kumsalimia mtu,
na mtambo, kwa woga, unajipunguzia pumzi."

Nikasema hiyo naijua.
Mfongo wa kwetu, zamu yetu ikiwa Alhamisi,
niliacha mlango mwembamba kuliko mfereji;
maji yakagonga, yakageuka,
yakapanda juu ya yale yanayokuja,
yakala kingo, yakaingia kwa jirani.
Bibi hakusema nami mpaka Jumapili.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho.
"Mfano mzuri. Sasa gawa kwa hamsini."

Nilikuwa sijagawa.
Nukta yangu ilikaa kulia kabisa, ukingoni,
pale miduara yote inapobanana
na namba zinapochoka kuwa namba:
nimeipeleka antena ya kata nzima
kusikokuwa na mwisho.

Nusu. Hasi nukta nane.
Nukta ikarudi, ikatua nusu ya chini,
upande wa kapasita.
Upande wa giza, akasema Mbazi,
na mwalimu akamjibu hakuna giza humo, kuna hasi tu.
Kisha akakariri, akigonga meza kwa koleo:

    Koili mfululizo
    hupanda bila mzozo,
    kapasita ni tulizo
    hushuka hadi kitovu.

Mdomoni ni rahisi.
Mkononi bikari inateleza.
Karatasi ya pili nilizunguka kinyume cha saa
nikazama zaidi.
Ya nne niliipita njia panda bila kuiona.
Ya tano umeme ukakatika, mashine ikanyamaza,
na tukagundua tumekuwa tukipigiana kelele
mtu na mtu ana kwa ana.
Ya saba
nikaushika mduara wa nusu, nikapanda nao taratibu,
nikavuka mstari wa kati,
nikasimama penye nusu na nusu,
nikabadili njia, nikashuka na ule mduara mwingine
mpaka moja. Moja na sifuri ya kufikirika.
Pale katikati palikuwa tayari na tundu
la sindano ya bikari.

Koili: mizunguko mitano ya waya wa shaba
niliyoiviringisha kwenye shina la drili.
Kapasita: pikofaradi thelathini na mbili,
imechomolewa kwenye redio ya marehemu fulani.

Jumamosi, Uru, ukungu hadi magotini.
Mbazi anaivuta koili kwa ukucha, kidogo, kidogo tena,
mimi naikodolea macho sindano
ikiiacha tatu, ikiiacha moja,
ikigoma juu kidogo ya sifuri.
Nikataka kuendelea.
"Iache," akasema mwalimu. "Mvua ikinyesha
itahama yenyewe. Antena haikai karatasini."

Jioni redio ya kata ilisoma zamu za mfongo.
Bibi, aliyezoea kuyasikia majina
kama bisi zinazopasuka kikaangoni,
alinyoosha mkono, akapunguza sauti.
"Hawa watu," akauliza,
"wamehamia karibu?"