Swali la Saba

Mwalimu Hangi huandika ubaoni, akaacha pengo,
pengo lenye upana wa kidole,
kisha hupangusa chaki kwenye suruali na kutungoja.
Darasa letu la Katindo lina kuta za mawe meusi ya lava,
lina taa moja, na leo taa imelala.
Twasoma kwa mwanga wa simu ya Masika.

"Wait", anasema, hutaka "for".
"Listen" hutaka "to".
Msiulize sababu. Hata ndoa nyingine
zikiulizwa sababu zitavunjika.

Mimi nimeandika kwamba namsubiri kaka yangu,
bila kineno chochote katikati,
moja kwa moja, kama ninavyomsubiri.
Amechora mstari mwekundu:
kati yako na kaka yako kuna kitu kimekosekana.
Hilo nalijua, mwalimu.

Kwetu kitenzi hubeba mzigo wake tumboni.
Kimbia: ukitia silabi moja, kimbilia,
na mguu uleule uliotoroka moto
umeshapata pa kwenda.
Usiku ule mlima ulipopasuka
tulikimbia, tukakimbilia Sake,
mama na godoro kichwani, mimi na kuku kwapani,
wala hatukusimama njia panda
kuchagua kati ya "from" na "to".

Ila swali la saba limenishika.
Baba yangu alikufa, halafu pengo.
"Of" ni ya ugonjwa, mwalimu anaeleza;
"for" ni ya nchi, au ya mtu unayempenda;
"in" ni ya mahali.
Baba alitoka kununua betri za redio.
Nyumbani tunasema alifia njiani, basi,
na hakuna anayeiuliza njia.

Masika amejaza "for", haraka, ameshafika la kumi.
Simu yake imebaki asilimia nne.
Jumatano nina usaili ofisi ya maji, saa tatu asubuhi;
viatu nimeazima, vinabana kidogo.
Kuomba kazi ni "apply", nayo hutaka "for".
Hiyo siisahau, hata nikiamshwa usingizini.

Mwalimu anakusanya karatasi kwa kupapasa.
Yangu ameisogeza karibu na macho.
"Hapa hukumaliza."
"Nimemaliza, mwalimu."

Amesimama kando ya dawati langu, harufu ya chaki na mvua.
Kisha nikasikia biki ikiandika kitu pale pale penye pengo,
kifupi, labda herufi mbili, labda alama.
Sikuona.
Simu ya Masika ilikuwa imeshazimika.