Usibandue

Kazi yangu ni gundi na sindano.
Wataalamu huleta majina;
mimi, Burulkan, huyabandika.
Miaka thelathini na mmoja katika jumba hili la mimea mikavu,
Bishkek, ghorofa ya pili, chumba cha ukoo wa alizeti,
kabati la tisa hadi la ishirini na sita,
harufu ya dawa ya nondo na nyasi za zamani.

Wapita njia huona ua, wakasema: ua.
Lete lenzi.
Hilo uliloliita ua ni mtaa mzima.
Katikati vijiua mia mbili, vimebanana,
kila kimoja na mrija wake, chavua yake, mbegu yake moja;
pembezoni vile vyenye ulimi mrefu
vinawaita nyuki kwa niaba ya wenzao.
Chini, magamba ya kijani: huo ni ukuta tu.
Bibi anayeuza mbegu za alizeti soko la Osh,
anayepima kwa bilauri na kumimina kwenye koni ya gazeti,
anauza mitaa iliyohamwa
na hana habari.

Wataalamu huhesabu meno.
Ulimi wa meno matano, huku, kwa akina mchunga wenye maziwa.
Meno matatu, kule.
Kisha nywele za mbegu: nyoofu, au za unyoya, au kipara.
Kwa unywele mmoja jamaa huhamishwa kabati.
Ukoo wenyewe una majina mawili, yote halali,
kama mtoto aliyegombewa na bibi wa pande mbili.
Mji nao: lebo kongwe zinasema Pishpek,
zilizofuata Frunze, za leo Bishkek.
Milima haijasogea.

Sheria ni moja, kwa wino mwekundu, juu ya meza yangu:
USIBANDUE.
Jina lililokosewa libaki.
La pili unaliweka pembeni, na tarehe, na sahihi.
Kuna karatasi yenye majina matano,
kila mtu akimsahihisha aliyemtangulia
bila kumfuta.

Jumanne alikuja kijana wa Almaty, Daurenbek,
na shida yake ya kuzinia,
jenasi ya miiba, spishi mamia, zinazofanana kama wizi.
Alipima magamba wiki mbili,
nasaba akaisoma kwa mashine yake,
akaniachia vijikaratasi themanini na pipi.

Cha arobaini na tatu.
Nikafungua jalada.
Mwandiko niliujua kabla sijausoma:
*Bonde la Suusamyr, kando ya barabara, changarawe,
14 Julai 1968. K. Ysmailov.*

Baba.
Dereva wa lori la msafara, darasa la saba.
Wenzake walipolala mchana, yeye alitambaa mawemawe.
Mara moja tu walimwachia aandike jina mwenyewe,
Kilatini, kwa penseli, herufi moja moja,
na jina hilo alilitamka kwenye harusi yangu,
bilauri mkononi, wageni wasielewe kitu,
mama akimvuta koti.

Ndilo alilokosea.

Nilishika kisu. Sikatai.
Ncha ikafika ukingoni mwa lebo yake.
Ningeibandua, nani angejua?
Daurenbek yuko kwenye basi, anavuka mpaka.
Si kwamba nilimwonea haya;
nilitaka kumsitiri.
Lakini ile penseli ilikuwa imebonyea hadi upande wa pili wa karatasi:
alikuwa ameandika kwa nguvu
kama mtu anayehofia kufutwa.

Nikatia gundi pembe nne.
Jina jipya nikaliweka chini ya la kwake, sambamba,
kama unavyomsogezea mgeni kiti
bila kumwinua mwenyeji.
Nikakandamiza kwa kidole gumba.
Gamba moja likadondoka; nikalitia kwenye bahasha yake ndogo,
maana hapa hata kilichodondoka hakitupwi.

Mwiba ulinichoma.
Nusu karne na ushei ndani ya giza,
na bado mkali.