Maneno Machache, Ukumbi wa Shule ya Nne, Naryn

Mwalimu Sabira ameniomba maneno machache
ya kuwatia moyo.
Niliyaandika, haya hapa, kurasa mbili,
nami nayakunja, nayarudisha mfukoni,
maana nikiwatazama mlivyojipanga na makoti yenu,
jiko la makaa likikohoa pembeni,
naona karatasi hii inadanganya.

Inasema kule ni kuzuri.
Kule ni kubaya pia.
Wiki ya kwanza Sapporo nililia kwenye chumba cha kufulia
kwa sababu mashine ilinisemesha
na sikujua inaniuliza nini.
Mtihani wa kwanza nilipata thelathini na moja kwa mia.
Mimi, Begimai, niliyekuwa nikiwasahihishia ninyi hesabu!
Nikaificha karatasi ile chini ya godoro
kama mtoto anavyoficha shuka aliyokojolea.

Lakini ngojeni.

Nilidhani naijua theluji.
Nani hapa haijui? Tumezaliwa ikiwa magotini,
tumeifagia juu ya mapaa, tumeilaani,
tulimzika baba mdogo Temirkul na glavu zake mkononi
baada ya mlima kumshukia barabarani,
tukasema: Mungu kapanga.
Huenda kapanga.
Ila mzee Kuwabara, profesa mwenye maneno ya kuhesabika,
alinichimbisha shimo hadi kifuani,
akanipa kioo cha kukuzia, akasema: soma.
Nisome nini? Ukuta mweupe!
Nikasoma siku tatu, vidole vimekufa ganzi,
siku ya nne nikaona mistari:
hapa jua liliwaka wiki nzima, hapa upepo uligeuka,
na hapa chini, tabaka jembamba la punje kama sukari
lisiloshikana na chochote,
likingoja uzito wa mtu mmoja tu.
Nikakaa kitako mle shimoni.
Kumbe kifo cha Temirkul kilikuwa kimeandikwa,
na hakuna kati yetu aliyejua herufi.

Mnauliza fedha. Ufadhili unalipa ndege, ada, chumba,
na posho ya kutosha ukikubali kula tambi siku nne kwa wiki.
Haukulipa pasipoti. Mama aliuza kondoo dume,
yule wa pembe iliyovunjika,
na baba hakusema naye hadi siku ya safari,
kisha pale kituoni akavua saa yake akanivika mimi.
Kwenye fomu hakuna mahali pa kuliandika hilo.

Iskhak, mstari wa nyuma, anataka kujua:
kama kule kuna hayo yote, mbona nimerudi?
Msimcheke.
Nimerudi kwa kuwa kule theluji ina wasomaji wengi
na huku ina wafiwa.
Machi hii nilimwambia msimamizi wa barabara: funga.
Akafunga siku mbili, akinung'unika.
Hakikushuka kitu. Hata donge la kutupiana watoto.
Madereva wakaniita nabii wa baridi;
mpaka leo nikipita sokoni wanajikinga vichwa kwa mikono.
Sawa. Nitakosea tena.
Lakini mtu mmoja hawezi kuchimba mashimo ya milima yote hii.

Basi sitawaambia tembea uone, hilo mmeshaambiwa.
Nasema fomu zipo mezani, zile za rangi ya waridi,
na mwisho ni tarehe kumi na mbili.
Kalamu ninayo. Kijapani changu kibovu ninacho, nawakopesha.
Atakayekataliwa aje nyumbani:
mimi nilikataliwa mara mbili, barua nimezitunza,
tutazisoma pamoja chai ikichemka.

Kengele. Kishindo cha viatu.
Nazihesabu fomu zilizobaki: thelathini na tisa.
Nilileta arobaini.
Na yule binti wa mchunga farasi, Ajar, ambaye hakuuliza kitu,
anavuka uwanja, mkono mmoja ndani ya koti,
akitembea kama mtu aliyebeba yai.