Kumbukumbu Haitoshi

Lamara aliileta imefungwa gazetini,
vipande vinne vilivyoungwa kwa gundi ya viatu:
meza ya harusi yake, Kutaisi, themanini na sita,
watu thelathini na mmoja na mitungi ya divai,
na mpasuko mweupe juu ya bwana harusi
kuanzia paji la uso hadi tai.

"Mita tatu. Ukuta wa mgahawa wangu ni mpana.
Na huyu," kidole kikagonga, "shemeji Tamazi, mfute."
Nikamtajia bei: natoza kwa uso.
Sikuuliza zaidi. Kazi yangu ni kuziba nyufa,
si kutafuta nani alizitia.

Nikaiskani kwa ukubwa wa mwisho.
Tabaka la ngozi, tabaka la nguo,
tabaka la vumbi, tabaka la vumbi lililo chini ya vumbi,
faili ikaumuka kama unga uliotiwa hamira
hadi saa nne usiku, mto Rioni ukinguruma nje,
programu ikagoma:
Kumbukumbu haitoshi.

Haitoshi! Mashine isiyomjua hata mmoja mezani pale,
isiyowahi kudai wala kudaiwa,
imeshiba.

Nikafanya yanayofanywa.
Nikafunga kivinjari, kurasa ishirini na mbili,
pamoja na ile ya bei za majiko niliyoifungua tangu Oktoba.
Nikazima redio ya mtandaoni.
Nikaingia kwenye mipangilio, nikaipa programu
asilimia themanini badala ya sitini,
kama mama anayemsogezea mlafi sahani ya nduguye.
Ikaenda dakika kumi na moja. Ikalia tena.

Sasa ni diski: imejaa.
Nani kaijaza? Mimi.
Mafaili ya muda, yaliyoachwa kila programu ilipokata roho,
mizoga ya gigabaiti arobaini isiyo na majina,
na picha za pasipoti za watu waliokwisha kuondoka.
Nikafuta. Nikazima, nikawasha,
dawa ya kwanza ambayo sote huikumbuka mwisho.

Ikabaki historia.
Programu hutunza kila mguso wa brashi
ili ukikosea urudi, hatua hamsini nyuma,
na kila hatua hula kama mgeni asiyeaga.
Nikapunguza: ishirini. Kumi.
Nikaishia tano.

Hatua tano. Hebu fikiri kuishi hivyo:
kosa la sita limekwisha kuwa wewe.

Nikaanza na masharubu. Yaliondoka bila ubishi.
Pembe ya divai nikaiziba kwa pazia lililokopwa pembeni.
Kifua, mkanda, goti.
Mashine ilikuwa ikihema, nikaunganisha matabaka yote kuwa moja,
nikahifadhi: "Lamara mwisho kabisa 3".

Ndipo nikauona mkono.

Vidole vinne na pete, begani kwa bwana harusi,
mkono usio na mwenyewe.
Tengua. Tengua. Tengua. Tengua. Tengua.
Kisha neno likafifia, likawa kijivu;
Tamazi alikuwa ng'ambo ya hatua ya sita.
Ningeweza kuupaka. Lakini chini yake hapakuwa na bega,
kamera haikuliona bega lile kamwe.
Ningelibuni, saa kumi alfajiri,
koti la marehemu, kwa rangi za kukisia.
Nikaenda kulala.

Lamara akaja na theluji kwenye kola.
Alitazama mpaka theluji ikawa maji.
"Huu," akasema, "ulikuwa unamshika, au unamsukuma?"

Nikaikuza picha. Mia mbili kwa mia, mia nane,
hadi vidole vikawa vigae:
kigae cha kahawia, kigae cha waridi, kigae cha kahawia.
Feni ya mashine ikavuma.

"Chapa," akasema.
Akalowesha kidole, akahesabu noti mezani polepole,
akalipa nyuso thelathini na moja.