Kigugumizi

Alifika saa nne, Bi Asianzu, muuguzi wa zamu za usiku,
akalizima gari mbele ya gereji yangu, barabara ya Vurra,
akasema, "Onzima, gari langu lina kigugumizi."
Kisha akauma mdomo, akatazama pembeni,
kwa kuwa Arua nzima yajua
neno hilo ni langu.

Nilitaka kumwambia ha-ha-hakuna neno.
Njia fupi ilikuwa kufungua boneti.

Likisimama, lanong'ona vizuri, huwezi kulishuku.
Ni pale unapolitaka:
unalipita lori la tumbaku kwenye kilima cha Ediofe,
mguu chini, taa za basi zinakujia,
ndipo linameza mate,
linahesabu moja, mbili,
kisha linaruka kama aliyechomwa mwiba.
(Hivyo ndivyo alivyoeleza. Wagonjwa wake wana bahati.)

Mafundi watatu walikwisha kula pesa yake.
Wa kwanza alibadilisha plagi.
Wa pili alilaumu petroli ya madumu kutoka Ariwara,
akamwaga tangi zima, na sijui aliimwagia wapi.
Wa tatu alisema, uza.

Nilichomoa plagi: kavu, rangi ya biskuti, hazina kosa.
Filta ya hewa nikaipigapiga gotini,
ikatema vumbi la kiangazi chote,
lakini vumbi si jibu.
Pampu ina nguvu. Koili zinarusha cheche.
Alioni, mwanafunzi wangu, akanisogelea: "Labda kompyuta."
Vijana wakikosa kuona, hulaumu kisichoonekana.

Mimi nakijua kigugumizi.
Peke yangu chini ya gari, mgongo juu ya boksi,
nataja babu zangu wote kwa pumzi moja
wala sijikwai.
Nipe mtu wa kunisikiliza, nipe haraka,
nipe simu inayosema haloo? haloo?
ndipo hewa inapopenya mahali pasipofaa.

Basi nikaacha kulitazama likiwa limepumzika.
"Ka-kanyaga breki," nikamwambia, "vuta handibreki,
tia gia. Sasa lipe mafuta."
Injini ikalala upande, kama mtu aliyetwishwa gunia bega moja,
ikalala kupita kiasi,
na pale, kwenye bomba la mpira litokalo kwenye filta,
ndani ya mikunjo,
mdomo ukafunguka.
Mwembamba. Urefu wa ukucha wa dole gumba.
Ukavuta hewa: ssss.
Akaachia mafuta, mdomo ukafumba,
bomba likawa zima tena mbele ya macho ya watu.

"Mwongo mkubwa," akasema Alioni, akiliambia bomba.

Chini, mpira unaoishika injini ulikuwa umekatika siku nyingi.
Mzigo ukija, injini inayumba;
ikiyumba, mdomo unafunguka,
hewa ambayo hakuna aliyeipima inaingia,
na petroli, maskini, inafika haitoshi.

Nikakata ukanda wa tyubu ya baiskeli,
nikauzungusha mara sita, nikakaza kwa waya.
Hiyo ni dawa ya kulalia tu.
Bomba jipya na mpira mpya vitakuja na basi la Kampala.

Akalijaribu hadi Ediofe.
Nikasimama na tambara mkononi, nikisikiliza toka mbali
sauti moja, ndefu, inapanda kilima
bila kuvuta pumzi.

"Ni ngapi, pamoja na vipuri?"
"E-elfu the… the…"
Hapa wateja hunisaidia. Thelathini! wanasema,
wakinijazia bei waipendayo wao,
na mara nyingi, kwa kuchoka, nimeitikia.
Yeye aliegemea mlango, mikono mifukoni,
akangoja kama angojeaye kipimajoto.
Bodaboda zikapita. Kuku akavuka barabara, akarudi.
"…themanini na tano."

"Ghali," akasema,
akaanza kuhesabu noti.