Bibi wa Ukurasa wa Tisini na Saba

Nilimpelekea Bi. Nyanzobe kurasa mia tatu na kumi na mbili
ndani ya kiroba cha unga nilichokifua, nikakianika,
maana mvua ya Makoroboi haimjui mwandishi.
Ofisi yake ipo juu ya fundi cherehani:
ukisoma huku, sindano inasoma kule chini.
Akahesabu karatasi kama karani wa benki,
akapokea nusu ya ada, akaandika risiti.
"Wiki sita," alisema.
Basi. Hata chai hakunipa.

Wiki sita nilipima dagaa Mwaloni, Kirumba,
jicho kwenye mizani, moyo juu ya cherehani.
Gunia likija zito kuliko umbo lake
najua: mchanga, au maji ya usiku.
Namwambia mwenye mali, "Mwaga, uanike upya."
Ananinunia. Sijali.
Ndiyo kazi.

Wiki ya saba kiroba kikarudi
na kurasa nane za maoni, kwa wino wa kijani.
Nilijiandaa kwa mwekundu;
sikujua kijani nacho kinauma.

*Ndugu Mugeta,
ziwa lako linameta mara kumi na tisa.
Unashinda Mwaloni mchana kutwa, lakini kitabuni
sijapiga chafya, sijaziba pua.
Mama Nyabise hazungumzi, anahutubia;
mpunguzie maneno, mpe ndoo abebe.
Sura ya tatu hadi ya tano ulikuwa unapasha misuli.
Mchezo unaanza ya sita.
Na bibi yako: umemzika ukurasa wa arobaini.
Ukurasa wa tisini na saba anapika ugali.*

Nilishuka ngazi bila kumuaga fundi.
Nikavuka Mirongo nikimjibu kwa sauti,
watu wakinipisha.
Nani kasema ziwa lisimete?
Aje Kamanga asubuhi, ajionee mwenyewe!

Nikafika Kamanga mimi.
Ziwa halikumeta.
Lilikuwa na rangi ya maji yaliyooshea sufuria,
magugu yamelala gatini,
sami wamepanda kama moshi upande wa Saanane,
na korongo mmoja juu ya pipa la taka
amesimama kama mtu aliyesahau alichofuata.
Kivuko kikapiga honi.
Nikatoa kalamu.

Nilikata kurasa sitini na nne.
Ya tatu, ya nne, ya tano, nilizitoa
kama unavyotoa matumbo ya sato,
haraka, kabla huruma haijaingia.
Mama Nyabise akatwishwa ndoo;
kumbe alikuwa na mengi ya kusema
na yote mafupi.
Sura ya kaka yangu, ile ya mtumbwi uliorudi mtupu,
Bi. Nyanzobe hakuiandika neno.
Pembeni palikuwa na nukta moja tu ya kijani,
kalamu iliyogusa karatasi
ikajizuia.

Kwa bibi nilikwama siku tatu.
Kumchelewesha kufa ni rahisi,
unahamisha kaburi kurasa sitini mbele, umemaliza.
Lakini Ukerewe, mwaka ule, tukiwa tumeshaanua matanga,
niliamka usiku nikasikia mwiko,
harufu ya muhogo ikapita chini ya mlango,
na nyumba nzima hakuna aliyeshangaa.
Mama alisema tu, "Lala. Ana wageni wake."

Nikamwandikia Bi. Nyanzobe:
mengine yote umenipima sawa, nimemwaga, nimeanika.
Hili si kosa. Bibi abaki.

Jibu lilifika jioni, mstari mmoja, bila salamu:
*Abaki. Lakini asonge.
Hapo bado anakoroga.*