Kamba ya Vibanio

Tukuyu, saa kumi na moja na nusu alfajiri.
Mvua ilianza jana kabla ya chakula cha usiku,
na bado haijamaliza maelezo yake.
Mama Ipyana yuko zamu, wodini, mpaka saa mbili.
Asubuhi hii, kama nyingi, ni yangu.

Zamani nilikuwa naiendesha kwa mdomo.
Amka. Nawa. Vaa. Kunywa. Haraka.
Maneno matano, kila moja nikilirudia
mpaka linakuwa jiwe,
na mtoto kajikunja uvunguni
kama jongoo aliyeguswa.
Kiatu kimoja mkononi mwangu, kingine uani, topeni.
Mimi niliyeshona viatu vya nusu ya mji huu
nikashindwa kumvisha wangu.

Mwalimu Tusekile wa kitengo maalumu
hakunipa pole. Aliniuliza:
"Neno ukishalisema, linakwenda wapi?"
Nikakosa jibu.
"Basi na mwenzako analitafuta hivyo hivyo.
Mchoree. Picha haiondoki."

Nikakata boksi la biskuti kwa kisu cha soli.
Mimi si mchoraji:
kikombe cha uji kilitoka kama ngoma,
mswaki ukawa reki,
na choo, tuache choo.
Nikafunga kamba ya katani
toka msumari wa kalenda hadi msumari wa taa,
nikazibana picha kwa vibanio vya nguo,
kushoto kwenda kulia.

Wiki ya kwanza aliutafuna uji.
Pembe ya kadi ina alama za meno hadi leo.
Wiki ya pili akapita mbele yake
kama mtu anayemkwepa mdai.
Wiki ya tatu, Jumanne, akapiga mswaki,
akaibandua reki yangu, akaidondosha
ndani ya kopo tupu la rangi.
Tang'.
Akacheka.
Akarudi kutazama kamba: kinafuata nini?

Sitawadanganya.
Kuna siku ulezi uliisha,
ukuta ukasema uji, meza ikasema chai.
Alilia mpaka saa tatu, na haki ilikuwa yake:
ni mimi niliyetundika uongo.
Tangu hapo ipo kadi nyekundu, haina picha,
inayobanwa kabla hajaamka
siku ambayo leo haifanani na jana.

Lakini asubuhi iliendelea kuvunjika palepale,
kati ya sweta na viatu.
Nikakata lebo ya shingoni.
Nikageuza soksi, mshono uwe nje.
Nikalainisha ngozi ya viatu kwa mafuta ya parachichi.
Bado: viganja masikioni,
kichwa ukutani, du, du, du.

Ijumaa nikakuta kadi nisiyoichora.
Duara jeusi, limekolezwa hadi boksi limetoboka,
lina meno pande zote.
Kaibana mwenyewe, kati ya sweta na viatu.
Nikaigeuza juu chini.
Jua? Gurudumu? Mimi nikifoka?
Sikuelewa, hadi saa kumi na mbili na nusu,
ng'ambo ya migomba,
Mwambelo alipowasha mashine ya kusaga.

Miaka minane naisikia mashine ile
kama mtu anavyoisikia damu yake,
yaani siisikii.

Jana usiku nimeshona kofia yenye masikio,
ndani nimetia manyoya ya kondoo, mabaki ya buti za mteja.
Picha yake inafanana na sufuria.
Nimeitundika kabla ya lile duara.
Duara sikuligusa.

Sijui kama itafaa.
Imebaki dakika nne.
Amesimama mbele ya kamba, sweta mwilini,
kidole kinatembea juu ya vibanio, kinasita,
kinarudi nyuma kimoja.
Nimekaa kwenye kigoda, viatu magotini,
mdomo nimeufunga.
Nasikiliza kopo.